Maji ya mji: kampuni binafsi au shirika la umma? Anzeni na dira kuu ya mtambo

Swali la msomaji: "Halmashauri ya mji wetu inataka kukabidhi huduma ya maji kwa kampuni binafsi kwa miaka 25. Wanaounga mkono wanasema shirika la umma limeshindwa: maji ni ya mgao, mabomba yanavuja, madeni hayaishi. Wanaopinga wanasema bei itapaa na wanyonge watakatiwa. Nimechaguliwa kwenye kamati ya wananchi itakayotoa maoni. Kipi bora, na tuangalie nini?"

Ndugu msomaji, nianze na msimamo wangu usije ukautafuta hadi mwisho: kwa hali unayoieleza, mimi nisingeshauri kusaini miaka 25. Ziko kampuni binafsi zinazoendesha maji vizuri, na yako mashirika ya umma ya kutia aibu, na kinyume chake pia ni kweli. Shida ni kwamba mji usiojua maji yake yanapotelea wapi hauwezi kuandika mkataba mzuri, na mkataba mbaya wa maji huishi kuliko halmashauri iliyousaini.

Neno "kubinafsisha" limebeba mambo manne yasiyofanana, na watu hugombana usiku kucha kila mmoja akiwa na lake kichwani. Upo mkataba wa usimamizi: kampuni inaleta mameneja kwa miaka mitatu hadi mitano, inalipwa ada, na hasara yote inabaki kwa mji. Upo ukodishaji, kwa kawaida miaka 8 hadi 15: kampuni inaendesha mitambo na kukusanya ankara, inachukua fungu lake kwa kila uniti (lita 1,000) iliyouzwa, inayobaki inakwenda kwa mwenye mali wa umma, ambaye ndiye anayejenga mabomba mapya. Senegal ilichukua njia hii mwaka 1996. Ipo konsesheni, miaka 20 hadi 30, ambapo kampuni inaingiza na mtaji wa ujenzi, kisha mali inarudi kwa umma muda ukiisha. Na upo uuzaji wa moja kwa moja, mabomba na mitambo yote, kama walivyofanya Uingereza kwa mashirika 10 ya England na Wales mwaka 1989. Huu wa mwisho ni nadra sana duniani.

Miaka 25 inanukia konsesheni. Hakikisheni. Muulizeni mwanasheria wa halmashauri: fedha za mabomba mapya zinatoka mfuko wa nani? Mteja asipolipa, nani anakula hasara? Bei ikitakiwa kupanda, nani anatia saini? Majibu ya maswali hayo yana uzito kuliko jina lililoandikwa juu ya mkataba.

Jambo moja halibadiliki katika aina zote nne: mteja hana pa kukimbilia. Hakuna mtu atakayechimba barabara ileile alaze bomba la pili ili ashindane na la kwanza. Ushindani, kama upo, ni wa siku moja tu, siku ya kufungua zabuni. Baada ya hapo mnabaki na muuzaji mmoja kwa miaka yote ya mkataba, na kinachomzuia ni mkataba wenyewe na mdhibiti anayeusimamia. Ndiyo maana hoja ya "sisi tumeshindwa kuendesha, acha wao waendeshe" ina tobo. Kumsimamia mwendeshaji kunahitaji wahandisi wanaojua kusoma takwimu za mtandao, wahasibu wanaoweza kupekua gharama za kampuni, na uongozi usiotishika. Mji wenye watu hao ungeweza pia kuliponya shirika lake. Mji usio nao utadanganywa na yeyote.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana huko ndiko fedha zilikojificha. Chukua mji wa kufikirika ambao mtambo wake unaingiza kwenye mabomba uniti 40,000 kwa siku. Ankara zinazotolewa ni za uniti 22,000. Zilizolipwa kweli ni asilimia 80 ya hizo, yaani uniti 17,600. Gharama za kuendesha, yaani umeme, dawa, mishahara na matengenezo, ni sarafu 50 kwa kila uniti inayozalishwa, jumla 2,000,000 kwa siku. Ukigawa kwa uniti zilizolipiwa, kila moja inabeba takribani sarafu 114. Tuseme upotevu, yaani maji yasiyotolewa ankara, umeshushwa hadi asilimia 25 na makusanyo yamepanda hadi 95. Uniti zenye ankara sasa ni 30,000, zilizolipiwa ni 28,500, na kila moja inabeba sarafu 70. Chanzo ni kilekile, mtambo ni uleule, gharama kwa kila uniti inayolipiwa imeshuka kwa asilimia 38.

Kushusha upotevu nako kuna gharama yake, sikatai: dira (mita za maji), mafundi, mabomba ya kubadilisha. Lakini mnaona hazina ilipo. Kama mkataba hautaji upotevu wa mwanzo, uliopimwa na kukubaliwa na pande zote mbili, hazina hiyo yote inakwenda kwa atakayeshika mkataba, na nyinyi hamtajua hata kwamba ilikuwepo.

Upotevu una sura mbili, na dawa zake ni mbali na mbali. Kuna maji yanayovuja ardhini, na kuna maji yanayomfikia mtu lakini hayalipiwi: dira zilizochoka, maunganisho ya wizi, wasomaji wa dira wanaokadiria wakiwa wamekaa kivulini. Kupima uvujaji, mtandao hugawanywa katika kanda, kila kanda inafungiwa valvu za mipaka na kuwekewa dira moja ya kuingilia. Kisha inasomwa kati ya saa nane na saa kumi usiku, watu wakiwa wamelala. Ukitoa matumizi halali ya usiku, yanayoendelea kupita saa hizo ni mvujo.

Hapa wengi hukosea, wakiwemo washauri wa kulipwa. Kwenye mji wa mgao kipimo hiki hakisomeki. Usiku ndipo matangi ya majumbani yanapojaa, kwa hiyo dira ya kanda inaonyesha mtiririko mkubwa ambao si mvujo hata kidogo. Inabidi kanda moja ipewe maji mfululizo kwa siku kadhaa hadi matangi yote yajae na maboya (valvu za kuelea zinazofunga maji tangi likijaa) yafunge, ndipo upimaji uanze. Ripoti ikisema upotevu wa usiku ulipimwa katika mji wenye mgao bila kueleza hatua hiyo, iwekeni pembeni.

Boya hilohilo lina ujanja mwingine. Tangi likikaribia kujaa, boya huachia maji yapite kidogo kidogo kama uzi. Dira ya nyumbani iliyozeeka haihisi mtiririko mwembamba namna hiyo; maji yanapita, namba hazisogei. Kwa upande mwingine, mgao ukirudi baada ya bomba kukauka, hewa hutangulia na kuzungusha dira kabla ya maji kufika, na mteja anatozwa upepo. Kwa hiyo dira moja inaweza kulipunja shirika usiku na kumpunja mteja asubuhi. Atakayewaambia tatizo ni "wananchi hawalipi" hajafungua kisanduku cha dira.

Na mgao si kero ya ndoo tu. Bomba likiwa tupu halina msukumo wa ndani, basi maji machafu ya udongoni huvutwa kupitia nyufa zilezile zilizokuwa zinavuja. Dawa iliyotiwa mtamboni haitoshi tena. Kwenye mkataba wowote, ubora wa maji upimwe kwenye bomba la mteja wa mwisho wa mtandao, si langoni mwa mtambo: klorini iliyobaki isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Kampuni zote, na mashirika ya umma vilevile, hupenda kupima pale penye matokeo mazuri.

Mifano ya dunia, basi, maana kila upande utawaletea wa kwake.

Watetezi wa kampuni watawatajia Manila, Ufilipino, na wapinzani watawatajia Manila hiyohiyo. Mwaka 1997 jiji liligawanywa mara mbili, mashariki na magharibi, konsesheni mbili za miaka 25. Wazabuni walishindana kwa bei ya chini: mshindi wa mashariki alitaja karibu robo ya bei iliyokuwepo, wa magharibi zaidi kidogo ya nusu. Kisha deni la nje la shirika la zamani likagawanywa, na takribani sehemu tisa kwa kumi likabebeshwa magharibi. Mwaka huohuo sarafu za Asia zikaporomoka. Mapato ni ya peso, deni ni la dola. Kampuni ya magharibi ikazama hadi ikafika mahakamani kunusuriwa, na mwaka 2007 ikauzwa kwa wamiliki wengine. Ya mashariki ikastawi na kushusha upotevu kutoka zaidi ya nusu hadi chini ya asilimia 15. Sheria ileile, mdhibiti yuleyule, mwaka uleule. Kilichotofautisha zaidi ni nani alibeba deni la dola. Someni kifungu cha fedha za kigeni kabla ya kifungu cha dibaji.

Bei ya chini kupita kiasi kwenye zabuni isiwafurahishe. Mshindi anajua kwamba akishaingia hatoki kirahisi, na atarudi mezani kuomba nyongeza. Huko Buenos Aires mshindi wa mwaka 1993 aliahidi kushusha bei kwa asilimia 26.9, na haikupita miaka miwili kabla ya bei kuanza kurekebishwa. Mkataba wa miaka 30 ulivunjwa mwaka 2006, baada ya peso ya Argentina kuachana na dola.

Mzabuni mmoja pekee ni dalili mbaya zaidi. Cochabamba, Bolivia, mwaka 1999: aliyejitokeza ni mmoja, mkataba wa miaka 40, na ndani yake gharama za bwawa kubwa la Misicuni. Ankara mpya zilipotoka Januari 2000, wako waliolipishwa mara mbili ya walivyozoea. Ilipofika Aprili mkataba ulikuwa umekufa mitaani, kwa maandamano. Dar es Salaam nako mzabuni alikuwa mmoja. Ukodishaji wa miaka 10 ulianza Agosti 2003 na ukakatishwa Mei 2005. Makusanyo hayakufikia makadirio na mwendeshaji alishindwa kulipa yote aliyopaswa kumpa mwenye mali. Kesi ilikwenda hadi baraza la usuluhishi la kimataifa, ambalo mwaka 2008 liliona serikali ilikiuka baadhi ya wajibu wake kwa mwekezaji, lakini halikumpa fidia yoyote. Kwenu nyinyi somo ni la kiufundi: njia ya kuvunja mkataba iandikwe hatua kwa hatua na ifuatwe hivyohivyo. Mnaweza kuwa na haki kwenye hoja na mkakosea kwenye utaratibu.

Upande wa umma, mfano unaostahili kusomwa ni Phnom Penh, Kambodia. Mwaka 1993 upotevu ulikuwa asilimia 72. Shirika lilibaki la umma, likapewa uhuru wa kuendesha fedha na wafanyakazi wake, likaweka dira kwa kila mteja, likawatoza ofisi za serikali na wakubwa waliokuwa wakinywa bure, likawaadhibu wafanyakazi waliouza maunganisho ya wizi na kuwatuza waliofanya kazi. Upotevu ukashuka hadi kiwango cha asilimia 6 hivi, bora kuliko miji mingi tajiri. Uganda nayo ililiacha shirika lake la taifa mikononi mwa umma, ikaanza na mpango wa siku 100 mwaka 1999, kisha ikalifunga kwa mikataba ya utendaji yenye shabaha za kupimika, kutoka serikalini kwenda kwa shirika na kutoka makao makuu kwenda kwa matawi.

Paris ilikabidhi usambazaji kwa kampuni mbili mwaka 1985, kila moja ukingo wake wa mto, kwa miaka 25. Mikataba ilipoisha mji ukachukua kazi yote kuanzia Januari 2010, na mwaka 2011 ukapunguza bei kwa asilimia 8. Angalieni lakini: walisubiri mikataba iishe, na walijiandaa. Berlin haikusubiri. Iliuza asilimia 49.9 ya shirika lake la maji mwaka 1999 kwa mikataba ya siri yenye faida iliyohakikishwa. Wananchi walipiga kura ya maoni mwaka 2011 kulazimisha ichapishwe, kisha jimbo likazinunua tena hisa hizo kwa fedha nyingi.

England ni darasa la peke yake. Kampuni zilianza mwaka 1989 zikiwa zimefutiwa madeni. Leo kwa jumla zinadaiwa makumi ya mabilioni ya pauni, huku wenye hisa wakiwa wamechukua gawio miaka yote hiyo. Utaratibu wa udhibiti huwapa kampuni faida juu ya thamani ya mtaji uliowekezwa, kwa hiyo kujenga kitu kipya kuna utamu kuliko kutunza cha zamani, na kukopa ni rahisi kuliko kuweka fedha zako. Tena kampuni mama zilizo juu hazimo vizuri ndani ya mkono wa mdhibiti. Scotland ilibaki na shirika la umma. Sehemu kubwa ya Wales tangu 2001 inahudumiwa na kampuni isiyo na wenye hisa, faida inarudi kwenye mabomba. Kwa hiyo katika nchi moja ya kifalme kuna majibu matatu kwa swali lenu, na yote matatu yanaandika ankara.

Kuhusu wanyonge: mjadala hukwama kwenye bei ya uniti, na mara nyingi bei ya uniti si kikwazo chao kikubwa. Kikwazo ni ada ya kuunganishwa, inayodaiwa yote kwa mkupuo. Asiye na bomba hununua kwa ndoo, na kwa ndoo uniti moja hugharimu mara kadhaa ya bei ya bombani. Dai la kwanza liwe ada hiyo ilipwe kidogo kidogo ndani ya ankara, au ifadhiliwe na mfuko maalumu. Dai la pili linahusu bei za ngazi, zile ambazo uniti za mwanzo ni nafuu. Zinapendeza kwenye karatasi, lakini nyumba ya wapangaji yenye familia sita kwenye dira moja hupanda haraka hadi ngazi ya juu, na masikini analipa bei ya tajiri. Ngazi zihesabiwe kwa idadi ya kaya. Kuhusu kukatiwa, kuna sheria za kuiga: England na Wales zilipiga marufuku mwaka 1999 kumkatia maji mteja wa nyumbani kwa sababu ya deni. Kama hilo ni zito kwenu, ombeni kipunguza mtiririko badala ya kufunga kabisa.

Ikiwa halmashauri itashikilia kwenda kwa kampuni, haya ndiyo ningeyapigania kwenye meza. Vipimo vya mwanzo vya miezi 12, vilivyokaguliwa na mtu wa tatu asiyelipwa na kampuni. Mkataba wote uwe wazi kwa umma pamoja na viambatisho, maana fedha hukaa kwenye viambatisho. Dhamana ya utekelezaji kutoka benki, inayochukulika bila kwenda mahakamani. Makusanyo yaingie kwenye akaunti ya pamoja yenye mpangilio wa nani analipwa kwanza, ili mwenye mali wa umma asiwe wa kuomba chake. Kazi za ujenzi zitangazwe kwa zabuni. Kampuni isijipe yenyewe wala ndugu yake, kwa sababu hapo faida hutoka kwa mlango wa nyuma na vitabu huonyesha hasara. Kanuni ya kupandisha bei iandikwe kwa herufi na namba: umeme una uzito gani, mishahara gani, na ni asilimia ngapi ya nyongeza kampuni inapaswa kuimeza kwa kuongeza ufanisi. Kamwe msikubali faida iliyohakikishwa wala bei iliyofungwa kwenye dola.

Halafu kuna kitu kidogo ambacho husahaulika hadi siku ya talaka: takwimu. Ramani za mabomba, orodha ya valvu, kanzidata ya wateja, programu ya ankara na nywila zake. Mkataba useme vyote ni mali ya mji tangu siku ya kwanza, na nakala ikabidhiwe kila mwezi. Mwendeshaji anayeondoka na orodha ya wateja anaweza kuwafanya mkae miezi bila kujua mumpelekee nani ankara.

Kuna njia ya kati ambayo ningeitanguliza: shirika libaki la umma, lakini lifunguliwe akaunti yake isiyoguswa na halmashauri kwa mambo mengine, liwekewe mkataba wa utendaji wenye shabaha zisizozidi saba, na kampuni binafsi iitwe kwa kazi moja inayopimika, mfano kushusha upotevu kwenye kanda tatu, ikilipwa kwa kila uniti iliyookolewa. Ikifaulu, ongezeni kanda. Ikishindwa, mmepoteza miaka miwili badala ya 25. Ofisi za serikali zinazodaiwa nazo zilipe; kuna mashirika mengi "yaliyoshindwa" ambayo mdaiwa wake mkubwa ndiye anayetaka kuyabinafsisha.

Kwenye kikao chenu kijacho ombeni karatasi mbili tu: usomaji wa kila siku wa dira kuu ya mtambo kwa miezi 12, na jumla ya uniti zilizotolewa ankara kwa miezi hiyohiyo. Muulize pia dira kuu ilihakikiwa lini mara ya mwisho. Ikiwa dira hiyo imekufa au haijawahi kuwepo, pendekezeni zabuni isimame hadi ifungwe mpya na isomwe mwaka mzima. Kufunga dira ni kazi ya siku chache, na ni bei ndogo sana ukilinganisha na ada ya mshauri mmoja wa mikataba.